Mashine ya Risasi Katika Chumba cha Babu

Kingstanding, Birmingham
6 Oktoba 2024

Kwa Mwinjuma,

Mimi mzima, ukiondoa magoti, na magoti si habari mpya. Wewe nadhani ni mzima pia, maana ungekuwa mgonjwa ungenikumbuka mapema.

Barua yako imefika. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini kwanza, nikavaa miwani, nikasema leo mjukuu wangu ameona simu haitoshi, ana jambo la moyoni. Nikafungua. Nikakuta risasi.

Nikaisoma tena nikidhani mimi ndiye sijui kusoma. Elimu yangu unaijua, ni ya ngumbaru, jioni jioni kule Pangani, na mwalimu mwenyewe alikuwa akisinzia. Lakini nilisoma sawasawa. Unataka kujaza risasi kwa mikono yako, na unataka kuzijazia nyumbani kwangu, katika chumba cha marehemu babu yako ambaye jina lake umelibeba wewe.

Sasa sikiliza. Nimekulea tangu mama yako alipokwenda kuolewa Maskati akakuacha hujui kufunga viatu. Ukakua, ukapata kazi ya hospitali karibu na Harborne, kazi ya ndani, yenye joto. Ukaiacha. Ukaenda Wales kukaa kwenye karavani, kibanda cha magurudumu, na kupiga kulungu wa watu. Nilisema nilichosema, kisha nikanyamaza. Leo unataka na baruti iletwe kwangu.

Nyumba hii nimo mimi na saa ya ukutani. Upande wa kulia kuna mwanamke na mbwa wake, upande wa kushoto watu wanahama kabla sijajua sura zao. Hebu fikiria mjane wa Kiislamu, amejifunga mtandio, ana baruti chumbani. Watasema nini hao? Mimi najua watakachosema.

Jibu langu ni hapana.

Lakini niambie, hiyo kazi ya kujaza, mtu huifanya mara ngapi kwa mwezi? Nauliza tu.

Bibi yako na mke wako wa kwanza,
Nunu


Wales
15 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, baridi tu. Magoti uyapake ile dawa niliyokuletea, usiitunze kabatini kama sahani za wageni.

Sikukueleza vizuri. Hawa kulungu wamezidi, wanakula miche ya miti mpaka msitu haukui. Wenye msitu wanatulipa tuwapunguze, na nyama inauzwa, haitupwi. Kila ninapopiga nasema Bismillahi kwanza, kama ulivyonifundisha kwa kuku. Wenzangu wamezoea, siku hizi wananisubiri niseme.

Sasa risasi za dukani zimepanda, hasa hizi za shaba tupu ambazo wanunuzi wa nyama ndizo wanazozitaka. Lakini ukishapiga, ganda hubaki zima. Unalisafisha, unalinyoosha kwa mashine ya mkono, unaweka fataki mpya ya kuwashia, baruti iliyopimwa, na kichwa kipya juu. Kwa mtu mwenye kibali kama mimi sheria inaruhusu. Ila siwezi kufanyia kwenye karavani. Mkate wangu unaota ukungu kwa siku mbili, sembuse baruti. Na mwenye eneo amekataa.

Vitu ninavyohitaji si vingi: hiyo mashine, mizani ndogo, vyuma vya kunyooshea ganda la bunduki yangu, kipimo cha urefu, na kitabu cha vipimo. Vyote vikiwa vipya siviwezi. Nimeona mtandaoni seti ya bei rahisi sana, lakini mwenzangu mmoja aliinunua na mkono wa mashine umepinda tayari. Natafuta vya mtu aliyevitumia akavitunza.

Kuhusu swali lako, ningekuja Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Ningelala kwako mpaka Jumapili.

Mjukuu wako,
Mwinjuma


Kingstanding
27 Oktoba 2024

Mwinjuma mume wangu,

Salamu. Mimi sijambo. Dawa nimepaka, inanuka kama mafuta ya taa.

Nimebadili mawazo, na si kwa sababu yako. Ni kwamba chumba kikikaa bila mtu kinaingia ukungu, na mimi siwezi kufungua dirisha lile, limekaza.

Unamkumbuka Mzee Harbans, yule Singasinga mwenye kilemba cha bluu tunayepanda naye basi la kwenda Small Heath? Kazaliwa Nakuru, Kiswahili chake ni cha huko huko, kila kitu kwake "iko". Nilikuwa najua ana watoto Kanada na ana sukari. Kumbe alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha miaka na miaka, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka akarudisha kibali mwenyewe. Nilipomtajia habari yako alinigeukia kwenye kiti. Kisha akasema, "Mama, kuja nyumbani, mimi iko na kila kitu."

Nikaenda. Gereji yake safi kuliko jiko langu. Akanionyesha mashine mbili. Moja inang'aa, ina sahani inayozunguka, ukivuta mkono mara moja inafanya kazi nne kwa pamoja. Nyingine chuma cheusi, kizito, kinafanya ganda moja moja tu. Nikasema nitachukua ya kung'aa, mjukuu wangu si maskini.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni ya mtu amezoea. Mtoto anaanza, anaharakisha, anaongea na wewe, ganda moja inapata baruti mara mbili. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu bunduki inapasuka kwa uso."

Nikachukua nyeusi. Nikauvuta mkono wake ukashuka kama umepakwa siagi. Hata bei ni ndogo, lakini nisingechukua ile nyingine hata angenipa bure.

Mizani nayo alikuwa na ya betri na ya mkono. Ile ya betri, lori likipita nje namba inacheza. Ya mkono inatulia taratibu, ina pia vipande vya uzito vya kuijaribia kama bado inasema kweli. Nikaona hiyo ndiyo ya kwetu. Kipimo cha urefu kanipa bure. Vyuma vya kunyooshea alivyo navyo si vya bunduki yako, akasema ununue vipya, na hapo usibane. Kulikuwa na makopo ya baruti rafuni, nikamwambia aongeze na hayo. Akakataa katakata. "Hii imefunguliwa zamani, mimi mwenyewe sijui sasa ndani iko nini. Baruti mpya, kitabu mpya." Nikamwambia wewe ni mfanyabiashara mbaya. Alicheka mpaka akakaa.

Chuma nimekivuta kwa kigari changu cha sokoni mpaka kwenye basi. Dereva akashusha lile daraja la kupandishia vigari akaniuliza nimebeba nini, jiwe la kaburi? Nikamwambia ni mzigo wa mjukuu wangu, anakuja Jumamosi.

Sasa kiko juu ya meza ya babu yako, pale palipokuwa na cherehani. Njoo.

Bibi yako,
Nunu


Wales
18 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Nimefika salama, na sambusa zimekwisha kabla treni haijavuka mpaka.

Ile mashine ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Mpe Mzee Harbans salamu zangu. Mwambie nimeikaza mezani kwa bolti nne na haitingishiki. Nilipenda pia ulivyokaa kitandani ukihadithia habari za Pangani huku mimi nasafisha maganda. Ile ya babu kumshonea diwani suruali yenye mguu mmoja mfupi hujawahi kuniambia. Nilipofika kwenye kupima nikakuomba unyamaze, ukanyamaza. Najua haikuwa rahisi.

Sasa mambo ya maana. Kwa kuwa risasi zitakaa kwenye anwani nyingine, afisa wa silaha wa polisi lazima akione chumba. Atakuja Alhamisi tarehe 28, asubuhi. Mimi nitapanda treni ya kwanza. Baruti na fataki nimezifungia ndani ya kabati la chuma. Ufunguo siwezi kukuambia ulipo, sheria ndivyo ilivyo, mwenye kibali peke yake. Najua umeudhika. Nyumba ni yako na funguo zote ni zako, lakini huu mmoja niachie.

Na moto usiwashwe chumba kile, Bibi. Hata kidogo.

Akija kabla yangu usimwambie mengi. Akikubali, Jumamosi zetu zitaendelea. Akikataa sina pengine pa kwenda na vitu hivi.

Mjukuu wako,
Mwinjuma


Kingstanding
29 Novemba 2024

Mwinjuma,

Sikuulizi hali. Hali yako niliiona jana.

Umeondoka bila kula. Pilau niliyoipika tangu alfajiri iko kwenye sufuria, nimemgawia Harbans, na yeye hali nyama, kwa hiyo amechambua wali kama kuku.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana ulifika mambo yamekwisha na hukuniuliza. Treni yako ilichelewa. Yule afisa hakuchelewa. Na mimi nilikuwa nimejitayarisha, kwa sababu mgeni akija nyumba hufukizwa udi, hivyo ndivyo nilivyolelewa, na huyu hakuwa mgeni wa chai tu, alikuwa ameshika Jumamosi zangu mkononi. Nilikwenda Coventry Road kwa mabasi mawili kununua udi wa maana. Si vijiti. Nikafukiza sebule, nikafukiza ngazi, na chumba cha babu yako nikakiwekea chetezo chenyewe juu ya meza, kando ya mashine, ili akiingia pale ndipo panukie kuliko pote.

Akaingia. Binti mpole, viatu amevua mlangoni bila kuambiwa. Akayaona yale makaa mekundu, akalitazama kabati, akayatazama tena makaa. "Hiki ni nini?" Nikamwambia ni udi, na ni wa bei. Akaniomba nikitoe nje, sasa hivi. Nikakitoa. Chai hakunywa. Alikuwa anaandika.

Ulisema moto usiwashwe chumba kile. Sikuwasha. Makaa niliyawashia jikoni.

Ukaingia wewe unahema. Ukamwambia kwa Kiingereza, samahani, bibi yangu haelewi mambo. Mwinjuma, Kiingereza changu kibovu, lakini hayo niliyaelewa yote.

Ukapanda juu, ukafungua kabati, ukatia baruti kwenye begi, ukashuka. Hukuketi.

Nunu


Wales
14 Desemba 2024

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima. Natumaini nawe pia.

Ripoti imekuja. Hawajanifutia kibali, Alhamdulillahi, ila wameandika kwamba anwani ya Kingstanding haifai kwa sasa. Kwa maneno hayo hayo. Nimejieleza kwa barua tatu. Hii ni kazi yangu, Bibi. Kibali kikienda, nimekwisha.

Nilikuambia moto. Sikudhani natakiwa kukutajia kila aina ya moto iliyopo duniani.

Sitakuja mwisho wa mwaka, tuna kazi nyingi. Tuache hili lipoe kwanza.

Mwinjuma


Kingstanding
12 Januari 2025

Kwa Mwinjuma,

Mimi mzima. Theluji ilianguka ikayeyuka, sikutoka siku zote hizo. Mwanamke wa mbwa alinigongea kuuliza kama nahitaji maziwa. Kumbe jina lake Maureen. Miaka yote hii.

Nakuandikia kukujulisha kwamba udi sifukizi tena chumbani kwa babu yako. Kila Alhamisi nafukiza nyumba nzima, nikifika mlango ule narudi. Babu yako tangu afe chumba chake hakijawahi kukosa Alhamisi, sasa kinakosa. Nimefanya hivyo bila kuambiwa mara ya pili, na wala baruti haimo tena. Mwambie yule binti wa polisi. Mwambie aje tena aone, na chai akitaka asinywe.

Mashine nimeifunika kitambaa isiingie vumbi. Jumamosi huwa naenda nafunua, nauvuta ule mkono mara chache ili usikaze. Unatoa mlio ule ule, unakawia kidogo, kisha klak. Kisha nafunika. Kukaa kitandani na kuhadithia chuma siwezi, sijafika huko.

Nijibu.

Bibi yako,
Nunu


Kingstanding
5 Machi 2025

Mwinjuma,

Ramadhani mubarak. Sijapata jibu la barua ya Januari. Labda posta. Simu yako iko ndani ya maji au ndani ya kaburi, sijui, kila nikipiga haipatikani.

Nafuturu peke yangu. Napika uji wa watu wawili kwa sababu sufuria ndogo sijui nimeiweka wapi, halafu naumwaga. Ukisikia hayo utasema bibi anajihurumia. Sijihurumii. Nakueleza habari za sufuria.

Harbans kasema ukitaka atawaandikia polisi barua kwamba yeye atasimamia chumba. Mikono inatetemeka lakini anaandika kwa kompyuta. Nikamwambia nitakuuliza. Ndiyo nakuuliza.

Bibi yako,
Nunu


Wales
8 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Idd mubarak, nimechelewa, nisamehe. Simu ilitumbukia mtoni mwezi wa pili na mpya nimeipata juzi. Barua zako mbili nilizikuta pamoja, zilikuwa kwa bosi, mimi nilihamishiwa upande wa pili wa msitu. Hizo ni sababu za kweli, lakini najua ningeweza kuandika kabla ya hapo. Nilikuwa bado na hasira, kisha hasira ikaisha nikawa sijui nianzie wapi.

Nina habari njema. Bosi amenipa chumba kidogo nyuma ya ghala lake, kikavu, kina mlango wa chuma. Polisi wa huku wamekiona wamekikubali. Mwambie Mzee Harbans nashukuru sana, sitahitaji barua yake. Kwa hiyo ile mashine na mizani navihitaji huku. Nimepata mtu wa vani anayekuja Wales kila wiki, anaitwa Sahal, yuko Small Heath. Atakuja kwako tarehe 26 kuvifungua na kuvibeba, na lile kabati pia. Usinyanyue chochote, nimeshamlipa.

Nitakuja nikipata nafasi. Msimu huu kazi ni nyingi.

Nashukuru kwa yote, Bibi. Kweli.

Mjukuu wako,
Mwinjuma


Kingstanding
27 Aprili 2025

Mwinjuma mume wangu,

Mimi mzima. Nimefurahi simu ndiyo iliyotumbukia mtoni, maana mimi usiku nilikuwa nakutumbukiza wewe.

Mtu wako alikuja jana. Msomali, kalelewa Mombasa, ana adabu na ana maneno mengi. Nilimshikia tochi akafungua zile bolti. Moja ilikuwa imekaza, akaniambia, "Bibi, huyu aliyezikaza hakuwa na nia ya kuhama." Mizani nimeifunga mwenyewe kwa taulo, vile vipande vya kujaribia viko kwenye soksi ya babu yako, usije ukavitupa ukidhani ni soksi tu. Kabati alilishusha akisaidiwa na Maureen, yule mama wa mbwa, ana nguvu kama punda.

Nikampa chai, akanywa vikombe viwili. Akanieleza habari za mama yake. Nikampa chakula, akala. Alikaa muda mrefu kuliko ulivyokaa wewe siku ile ya polisi, na yeye alikuwa na mizigo mingine kwenye gari. Mlangoni akaniuliza kama kuna ujumbe wa kukupelekea. Nikasema hapana, nitaandika.

Meza ina matundu manne. Nimeipangusa. Nilifikiri nirudishe cherehani juu yake, nikafikiri, nimshonee nani.

Leo asubuhi nilimkuta Harbans kwenye basi. Kasema ana taa nzuri ya meza, ya kufanyia kazi za macho, anaitoa kwa bei ya chini sana, itakufaa wewe. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye pochi. Kisha nikautoa. Nikamwambia hapana, Harbans, mpe mtu mwingine. Akanishangaa, maana hajawahi kuniona nakataa kitu cha bei rahisi.

Nimekataa kwa sababu nimekujua sasa. Nikiwa na kitu chako, utatuma mtu.

Kwa hiyo sikiliza, na hili nakuandikia kwa Kiswahili usije ukasema sielewi mambo. Chumba cha juu ni kitupu. Jikoni hakuna chako, kabatini hakuna chako, hata ile jaketi yako ya zamani nimempa Sahal akupelekee. Sina mashine, sina mizani, sina ufunguo ninaofichwa. Hakuna kilichobaki humu ndani cha kuja kuchukua wala cha kuja kufanyia kazi.

Ukija, utakuwa umenijia mimi.

Bibi yako,
Nunu